Kuunganisha Paneli za Sola Zisizolingana: Wakfu Usipotee, Nyumba Isiungue

SWALI: Msikiti wetu uko katika kisiwa kidogo ambako waya wa umeme haujafika. Tuna paneli tatu za sola za kubebeka. Moja ya wati 100 imenunuliwa kwa mchango wa waumini. Ya pili ya wati 50 tumeazimwa na jirani. Ya tatu ni ya kukunja, wati 200, imeletwa na ndugu yetu aliyeko Oman, na ameiweka wakfu kwa ajili ya taa za chuo. Fundi mmoja anasema tuziunge zote kwa mfululizo, mwengine anasema zote sambamba. Lipi sahihi, na je, inajuzu kuchanganya mali hizi?

JIBU: Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, swali hili lina sehemu mbili, ya ufundi na ya sheria. Tunaanza na ufundi, kwani hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe.

Maana ya mfululizo na sambamba

Nyuma ya kila paneli pana kibandiko. Humo mna volti na ampea. Volti ni msukumo wa umeme, na ampea ni wingi wa umeme unaopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Tuseme vibandiko vyenu vinasoma hivi, na ndivyo paneli nyingi za aina hizo zilivyo:

- Wati 100: volti 18, ampea 5.5
- Wati 50: volti 18, ampea 2.8
- Wati 200: volti 36, ampea 5.5

Kuunga kwa mfululizo ni kuitia chanya ya paneli hii katika hasi ya paneli ile, kama watu walioshikana mikono katika mstari. Hapo volti zinajumlishwa, lakini ampea zinabaki zile za paneli dhaifu. Kuunga sambamba ni chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hapo ampea zinajumlishwa, lakini volti zinavutwa chini kuelekea za paneli yenye volti ndogo.

Basi shikeni kanuni hii: mfululizo unataka ampea zilingane, na sambamba inataka volti zilingane. Wati si kipimo cha kuamulia.

Tupige hesabu

Mkiunga ya 100 na ya 50 kwa mfululizo, mtapata volti 36 kwa ampea 2.8, yaani kama wati 100 tu. Ni sawa na kwamba ya jirani haipo. Mkiziunga hizo hizo sambamba, mtapata volti 18 kwa ampea 8.3, karibu wati 150 kamili.

Mkiunga ya 100 na ya 200 sambamba, ile ya volti 36 itavutwa hadi karibu volti 18, na mtapata kama wati 200 badala ya 300. Nusu ya wakfu wa ndugu yetu itakuwa imepotea kila siku ya jua, na wala hakuna atakayeona. Kwa mfululizo hizi mbili zinakubaliana kwa sababu ampea zao ni sawa. Lakini volti zitafika 54 zikifanya kazi, na zaidi ya 60 zikiwa hazina mzigo. Kontrola isiyostahamili volti hizo itaungua papo hapo. Tena kivuli cha mnazi kikiangukia paneli moja, zote mbili zinadhoofika.

Kwa hiyo mafundi wote wawili hawakupatia. Zote tatu kwa mfululizo, ile ndogo inakuwa kizuizi, na hata kontrola nzuri ikiivuka, yenyewe haitoi kitu. Zote tatu sambamba, mnapoteza kama wati 100 katika 350.

Njia iliyo bora

Ungeni ya 100 na ya 50 sambamba kwenye kontrola moja isiyopungua ampea 10. Ile ya 200 ipeni kontrola yake, ya aina ya MPPT, inayoweza kuzigeuza volti 36 ziwe chaji ya betri ya volti 12. Kisha kontrola zote mbili zichaji betri moja, iwapo betri hiyo ni kubwa ya kutosha kupokea chaji ya zote mbili. Hapo kila paneli inatoa haki yake.

Tahadhari ya moto

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba nyumba iliungua Madina usiku juu ya watu wake, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha moto uzimwe wakati wa kulala. Waya wa sola nao ni moto uliofichika, basi zingatieni haya:

1. Wekeni fyuzi karibu kabisa na betri. Betri ikipigwa shoti hutoa umeme wa kuyeyusha waya.
2. Mkiunga sambamba paneli tatu au zaidi, kila moja iwe na fyuzi yake, kwani moja ikiharibika nyenzake huisukumia umeme.
3. Msichomoe plagi za paneli wakati umeme unapita. Cheche ya umeme wa sola haizimiki upesi kama ya umeme wa nyumbani. Zimeni mzigo na zifunikeni paneli kwa nguo nzito kwanza.
4. Msitumie waya mwembamba wa taa kwa kazi ya ampea nyingi. Ukiushika ukawa wa moto, haufai.
5. Hakikisheni chanya na hasi kwa mita kabla ya kuunga.

Hukumu ya kuchanganya

Paneli ya wakfu inafuata sharti la aliyeiweka. Ameitaja kwa taa za chuo, basi taa za chuo zitangulie. Mkitaka umeme unaozidi utumike kwa kipaza sauti au kuchaji simu, muulizeni, naye yuko hai. Kuwa na kontrola yake kunasaidia kujua imetoa kiasi gani.

Paneli ya jirani ni ya kuazima. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, mwenye kuazima hudhamini kitu kikiharibika kwa njia isiyokuwa ya matumizi aliyoruhusiwa. Basi mwambieni mapema kwamba itaungwa na nyengine, na mpate ridhaa yake. Ikiungua kwa uungaji ambao hakuuridhia, msikiti una deni lake.

Na msimamizi wa wakfu ni mwenye amana. Akijua kwamba uungaji fulani unapoteza nusu ya manufaa kisha akaunyamazia kwa kumwonea haya fundi, hajatekeleza amana. Fundi naye asifanye kwa kukisia. Kama hakusoma kibandiko wala hakupima kwa mita, aseme sijui, na hilo si aibu.

Twamuomba Allah (S.W.) awalipe kheri wote waliotoa, na ayatie nuru makaburi yetu kama walivyotia nuru nyumba Yake.

Wallahu a'lam.