KUPIMA NA KUNUNUA VALI ZA ZAMANI ZA AMPLIFAYA

0. Utangulizi

Kabla ya transista kuvumbuliwa katika maabara ya Bell, nchini Marekani, mwezi wa Desemba 1947, na hata kwa miaka kadhaa baadaye, sauti iliyokuzwa kwa umeme ilipitia ndani ya vali. Hugh Tracey aliporekodi gitaa la Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, vyombo vya kurekodia vya wakati huo vilikuwa bado vya vali. Vyombo vingi vya aina hiyo vipo hata leo, navyo bado hutafutwa na wapenda muziki, wapiga gitaa na watunzaji wa nyaraka za sauti.

Ugumu hutokea vali inapokufa. Vali mpya hutengenezwa Urusi, Slovakia na China, lakini zile za viwanda vya Blackburn (Uingereza) au Ulm (Ujerumani) hazitengenezwi tena. Zilizobaki huuzwa kwa bei kubwa, na penye bei kubwa udanganyifu haukosekani. Zaidi ya hayo, vali mbovu ya kutolea nguvu huweza kuunguza transfoma ya sauti, ambayo mara nyingi ni ghali na adimu kuliko vali yenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi vali inavyofanya kazi, jinsi inavyotambuliwa, inavyopimwa, na mambo ya kumwuliza muuzaji.

1. Vali na uchakavu wake

Vali ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna kathodi, ambayo hupashwa joto na waya mdogo. Kathodi hiyo imepakwa oksidi za bari na stronti, nayo ikipata moto hutoa elektroni. Elektroni huvutwa na anodi yenye volti chanya za juu. John Ambrose Fleming alitengeneza vali ya namna hiyo, yenye sehemu hizo mbili, mwaka 1904. Mwaka 1906 Lee de Forest aliongeza gridi kati ya kathodi na anodi. Badiliko dogo la volti kwenye gridi huleta badiliko kubwa la mkondo wa anodi: huko ndiko kukuza sauti.

Kutokana na maelezo hayo, aina mbili za uchakavu zaeleweka. Kwanza, oksidi ya kathodi hupungua nguvu kadiri saa za kazi zinavyoongezeka, na mkondo hufifia. Pili, utupu wa ndani huharibika, gesi ikiingia au ikitoka katika vyuma vyenyewe. Vali ndogo za hatua ya mwanzo huishi muda mrefu kuliko vali za nguvu, kwa kuwa mkondo na joto lao ni kidogo.

2. Kusoma jina

Jina la vali si nambari tupu. Katika mfumo wa Ulaya, ECC83 husomwa hivi: E ni volti 6,3 za waya wa joto, C ni triodi, nayo ikirudiwa maana yake ni triodi mbili katika kioo kimoja, tarakimu 8 huonyesha kitako cha miguu tisa. Katika EL34, L ni pentodi ya nguvu, na 3 ni kitako cha miguu minane. Wamarekani huiita ECC83 kwa jina la 12AX7. Jeshi la Uingereza liliiita CV4004. Mnunuzi ajuaye majina hayo huweza kupata kitu kilekile kwa bei nafuu chini ya jina lisilo maarufu.

Hata hivyo, kufanana kwa miguu si kufanana kwa kazi. ECC81, ECC82 na ECC83 huingia katika tundu moja, lakini ukuzaji wao ni takriban 60, 17 na 100. Kubadilisha moja kwa nyingine pasipo kujua mchoro wa amplifaya ni kubahatisha.

3. Kutambua kiwanda

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la vali, kibaya huweza kujiuza kwa kuvaa jina la kizuri. Viwanda viliuziana vali na kuzipiga chapa upya. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwa wino si ushahidi wa mahali ilipotengenezwa. Wino hufutika kwa kidole, na mlaghai huweza kuuchapa tena.

Ushahidi bora umo katika vitu ambavyo ni vigumu kuviiga. Vali nyingi zilizotoka katika viwanda vya Telefunken vyenyewe zina alama ya almasi iliyofinyangwa katika kioo cha kitako, kati ya miguu. Viwanda vya kundi la Philips, pamoja na Mullard, viliandika msimbo mdogo chini ya kioo. Katika mtindo wa herufi na tarakimu nne, B6K2 humaanisha: B, kiwanda cha Blackburn, 6, tarakimu ya mwisho ya mwaka, K, mwezi wa Novemba, 2, juma la pili. Kwa kuwa mwaka una tarakimu moja tu, mwongo wake hukisiwa kutokana na umbo la anodi na vyuma vya ndani. Mnunuzi makini huomba picha ya msimbo na ya vyuma, wala haridhiki na picha ya sanduku.

4. Kuchunguza kwa macho na kwa mita

Juu au ubavuni mwa kioo mna doa linalong'aa kama fedha. Kazi yake ni kunyonya gesi. Doa likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali imekufa, haina tiba. Doa lililokonda na kuwa la kahawia pembezoni hudokeza matumizi marefu, ingawa peke yake halitoshi kuhukumu. Miguu iliyopinda, kioo chenye ufa na kitako kinacholegea huonekana pasipo chombo chochote.

Mita ya kawaida huweza kuhakikisha kwamba waya wa joto haujakatika: katika EL34 hupimwa kati ya mguu wa 2 na wa 7, katika EL84 kati ya wa 4 na wa 5. Kipimo hicho huthibitisha uzima wa waya tu, si nguvu ya kathodi.

5. Kupima kwa mashine

Mashine za kupimia vali ni za namna mbili kuu. Namna ya kwanza huunganisha gridi na anodi pamoja na kupima wingi wa elektroni tu. Ni rahisi, lakini huweza kuisifu vali ambayo gridi yake haiongozi mkondo ipasavyo. Namna ya pili, kama zile za Hickok za Marekani na AVO za Uingereza, hupima kile ambacho Wafaransa hukiita pente, yaani mteremko: mkondo wa anodi hubadilika kwa kiasi gani gridi ikibadilishwa kwa volti 1.

Mfano utafafanua jambo hili. Majedwali ya watengenezaji huipa ECC83 yenye volti 250 za anodi na volti 2 hasi za gridi mkondo wa miliampea 1,2 na mteremko wa miliampea 1,6 kwa volti. Matokeo yalinganishwe na hali hizo hizo. Muuzaji akisema vali yake ina «asilimia 90», swali la lazima ni hili: asilimia 90 ya kitu gani, kwa mashine gani, na kwa volti ngapi? Asiyeweza kujibu hajatoa kipimo, ametoa sifa.

Vipimo vingine vitatu havipaswi kusahauliwa. Cha kwanza ni mgusano wa vyuma vya ndani. Cha pili ni gesi, ambayo hujitokeza kama mkondo wa gridi. Vali ya nguvu iachwe ipate moto kwa dakika 10 au 15: mkondo ukiendelea kupanda bila kutulia, vali hiyo ni ya hatari, kwani anodi yake huweza kuwa nyekundu ndani ya amplifaya. Cha tatu ni kelele. Mashine nyingi haziisikii. Ni amplifaya yenyewe inayoifichua. Vali ikigongwa polepole kwa penseli na mlio ukasikika kwa nguvu, haifai kwa hatua ya mwanzo.

Asiye na mashine huweza kubadilishana vali za upande wa kulia na wa kushoto: kelele ikihama pamoja na vali, mkosaji amepatikana. Ubadilishaji huo ufanywe chombo kikiwa kimezimwa na vali zimepoa. Ikumbukwe pia kwamba amplifaya hizi zina volti mia kadhaa, na kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa.

6. Hitimisho

Mambo manne yatosha kumwongoza mnunuzi: aina kamili ya vali, msimbo wa kioo, vipimo pamoja na hali zake, na haki ya kurudisha ndani ya muda uliokubaliwa. Vali mbili za nguvu zinazofanya kazi kwa kupokezana zinunuliwe zikiwa zimelinganishwa kwa mkondo, na nusu mbili za triodi zikaribiane. Neno «mpya ya zamani», ambalo wauzaji hulipenda, humaanisha vali iliyokaa ghalani bila kutumika. Lakini sanduku safi haliapi kwa niaba ya kilichomo. Vali iliyotumika na kupimwa vizuri ni bora kuliko ile iitwayo mpya ambayo hakuna aliyeipima.