Gemu, Muziki Wake na Hamu ya Yaliyopita

Hivi karibuni tuliletewa na mfasiri mmoja makala ya mtu wa makamo anayeeleza jinsi anavyozikumbuka gemu alizozicheza utotoni, na hasa muziki wake. Mfasiri alikwama katika kichwa cha habari. Alikuwa ameandika “Huzuni ya Michezo ya Video”, naye mwenyewe alikiri kwamba msomaji angedhani inazungumzwa tamthilia ya msiba iliyorekodiwa katika kanda.

Kosa halikuwa lake. Neno mchezo lina kazi nyingi: mpira ni mchezo, bao ni mchezo, na tamthilia za redioni nazo huitwa michezo. Video nayo, kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, ilijulikana kwanza kwa filamu zilizoonyeshwa vibandani. “Mchezo wa kompyuta” ni afadhali kidogo, lakini mtoto aliyeketi mbele ya televisheni na kishikio mkononi hasemi kwamba anacheza kompyuta. Husema anacheza gemu. Neno hili limekwisha kuingia, limevaa irabu mwishoni kama ipasavyo, wala haligombani na maana nyingine. Twaona lipokewe katika ngeli ya I-/ZI-.

Muziki wenyewe wahitaji maelezo zaidi. Katika Space Invaders, gemu ya Kijapani ya mwaka 1978, ulikuwa noti nne nzito zilizoshuka na kurudiwa bila kukoma, zikiharakishwa kadiri wavamizi walivyokaribia. Mashine ya Famicom ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, ilikuwa na njia tano tu za sauti, mojawapo ikiwa ya mvumo uliotumika badala ya ngoma. Kwa vyombo hivyo vichache Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa finyu, hivyo lahani ilikuwa fupi, nayo ilirudiwa mpaka mchezaji ashinde au ashindwe. Mtoto aliyeshindwa mara hamsini aliisikia mara hamsini na zaidi. Si ajabu kwamba utu uzima haujaifuta. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki huo katika orodha ya sauti za kuhifadhiwa, wa kwanza wa gemu kupewa heshima hiyo.

Lahani ya namna hiyo tusiiite kibwagizo, maana kibwagizo hurejea baada ya beti, na hapa hurejea wimbo mzima. “Mzunguko” watosha. Muziki uliotokana na mashine hizo wengine huuita “muziki wa chipu”. Hatuupingi, ingawa mwanafunzi mwenye njaa atasikia chipsi.

Tungeweza kuwaachia wengine jambo hili kama lisingetuhusu. Lakini Mmarekani Christopher Tin alitunga “Baba Yetu” kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuipata. Kwaya za watu wasiojua neno lingine la lugha yetu huuimba, ilhali wafasiri wetu wangali wakiutaja muziki wa aina hiyo kila mtu kwa jina lake. Jina liwe “muziki wa gemu”.

Limebaki lile neno la huzuni. Daktari Johannes Hofer, aliyeunda neno la asili mwaka 1688 kwa maneno ya Kigiriki ya kurudi nyumbani na maumivu, alikusudia maradhi. Mwandishi wetu si mgonjwa. Hufurahi huku akiumia kidogo. “Huzuni” yamzidi. “Kumbukizi” limekwisha kushikwa na maadhimisho ya marehemu. “Hamu” lakaribia, ila hamu huelekea kinachopatikana, kama hamu ya kula. Gemu za kale zapatikana: mwaka 2016 Nintendo iliuza tena mashine yake ya zamani kwa umbo dogo, gemu zikiwa ndani. Kisichopatikana ni alasiri zile, na ndugu waliogombea zamu. Kwa hiyo twapendekeza “hamu ya yaliyopita”, nomino ya pili ikilisahihisha la kwanza.

Mfasiri amekubali. Ila kuhusu kishikio hatujapatana: yeye ashikilia “pedi”, nasi twaona neno hilo lina shughuli nyingine madukani. Wasomaji watuandikie.