Sheria ya Mwaka 1861 na Binti wa Leo

Mazungumzo juu ya utoaji wa mimba ni mazungumzo ambayo wengi wetu huyafanya kwa sauti ya chini, tena huyakatiza mara mgeni abishapo hodi. Lakini jambo linong'onwalo haliachi kuwa jambo. Mahakamani latajwa, wodini laonekana, na makaburini limo. Yafaa basi tulitazame mchana, tukianza na sheria yenyewe, kwani wengi waitetayo na wengi wailaumuo hawajapata kuisoma.

Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1945, nayo ingali ikitumika Tanzania Bara. Kifungu cha 150 chasema kwamba mtu yeyote ajaribuye, kinyume cha sheria, kumharibia mwanamke mimba yake aweza kufungwa miaka 14. Kifungu cha 151 chamgeukia mwanamke mwenyewe: miaka 7. Kifungu cha 152 chamhusu yule atoaye dawa au chombo hali akijua kitakwenda kufanya kazi gani: miaka 3. Maneno haya hayakuzaliwa Dar es Salaam. Asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, zama za Malkia Victoria, na Kenya na Uganda nazo zilivikwa joho hilo hilo. Wenye joho walikwisha kulipunguza upana: mwaka 1967 Bunge lao lilipitisha sheria inayowaruhusu madaktari wawili, wakiafikiana kwa nia njema, kuidhinisha mimba itolewe kwa sababu zilizotajwa. Sisi tumebaki na vazi kama lilivyoshonwa.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usidhani kwamba sheria yetu imefunga kila mlango. Yaangalie tena yale maneno "kinyume cha sheria". Yakiwapo, maana yake ni kwamba iko njia isiyokuwa kinyume chake. Mwaka 1938 binti wa miaka 14 alinajisiwa na askari mjini London. Daktari Aleck Bourne akaitoa mimba ile hospitalini, bila malipo, kisha akawaarifu polisi mwenyewe ili ashitakiwe na jambo hilo lipate kuamuliwa hadharani. Jaji Macnaghten aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kuokoa maisha ya mama si kumwepusha na kifo cha papo hapo tu. Daktari aonaye kwa haki kwamba mimba itamvunja mwanamke mwili au akili aweza kuhesabiwa kuwa ameokoa maisha. Bourne akaachiliwa. (La ajabu ni kwamba daktari huyo huyo, uzeeni, alisimama na wapinzani wa sheria ya 1967, akiona inafungua mlango kupita kiasi. Watu wema waweza kukaa pande mbili za jambo hili, na mtu mmoja aweza kukaa pande zote mbili.)

Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliifuata fikra hiyo katika shauri la daktari kutoka Kenya. Kifungu cha 230 cha Kanuni yetu nacho chamkinga daktari afanyaye upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Mlango basi upo. Lakini ni nani aujuaye? Tabibu kijana aliye peke yake katika kituo cha afya cha mbali hana maktaba ya hukumu za 1938. Alijualo ni miaka 14, naye hataki kuwa wa kwanza kujaribu.

Hapo ndipo vichochoro vinapopata wateja. Watafiti walikadiria kwamba katika mwaka 2013 mimba zilizotolewa Tanzania zilikuwa karibu 405,000, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa hospitalini kwa madhara yaliyofuata. Mwenye fedha hupata daktari anyamazaye. Asiye nazo hupata mizizi, vijiti na mikono isiyooshwa. Sheria ni moja, ila mzigo wake wamwangukia maskini.

Wale wapingao kulegezwa kwa sheria hawastahili kudharauliwa. Kanisa Katoliki lafundisha kwamba uhai walindwa tangu kutungwa mimba. Wanazuoni wa Kiislamu hukataza pia, ingawa wametofautiana juu ya siku zilizotangulia siku 120, wakati ambao wengi wao husema roho hupulizwa, nao hukubali kwamba maisha ya mama yakiwa hatarini hukumu hubadilika. Wako pia wahofuo kwamba wanaume watapata njia rahisi ya kuficha uovu wao. Hofu hiyo ina uzito. Lakini nauliza: chini ya sheria ya sasa, mwanamume huyo anafichuka?

Tuitazame Kenya. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 26, yakataza utoaji wa mimba isipokuwa pale mtaalamu wa afya aonapo haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Wizara ilitoa mwongozo kwa waganga mwaka 2012, kisha mwaka 2013 ikauondoa. Mwaka 2014 binti aliyenajisiwa alipata huduma mbovu kwa mtu asiyestahili. Alihangaika hospitali hadi hospitali, na mwaka 2018 akafa. Mwaka 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuuondoa mwongozo ule kulivunja sheria, wakaamuru mama yake alipwe shilingi milioni 3. Katiba ilikuwapo wakati wote huo. Kilichokosekana ni karatasi ya kumwambia tabibu afanye nini.

Tanzania nayo iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, ambayo ibara yake ya 14 yataka mimba iruhusiwe kutolewa kitabibu pale ilipotokana na kunajisiwa au maharimu, au inapohatarisha afya au maisha ya mama. Kenya na Uganda, zilipoiridhia, zilijitenga na kifungu hicho. Sisi tulitia sahihi, ila vifungu vya 1945 havikuguswa.

Na liko fumbo moja linalonisumbua kuliko yote. Tangu mwaka 1998 sheria yetu yasema kwamba mwanamume amwingiliaye binti asiyetimiza miaka 18, asiye mkewe, amembaka, hata binti akiwa amekubali. Binti wa miaka 15 akipata mimba hivyo, ukurasa mmoja wa Kanuni wamwita mwenye kudhulumiwa. Akiitoa, ukurasa mwingine wa kitabu hicho hicho wamwita mkosaji. Bunge lenye uwezo wa kuandika ukurasa wa kwanza lina uwezo wa kuusoma tena ule wa pili, na kabla ya hapo Wizara yaweza kuwaandikia waganga, kwa Kiswahili chepesi, yale ambayo kifungu cha 230 kimekwisha kuwaruhusu.