Saratani ya Matiti Huwapata Wanaume Pia

Watu wengi huamini kwamba saratani ya matiti, au kansa kama wengine waiitavyo, ni ugonjwa wa wanawake peke yao. Imani hiyo si sahihi, nayo imewaponza wanaume wengi. Kila mwanamume ana nyama ya titi nyuma ya chuchu. Kabla ya kubalehe, titi la mvulana na la msichana hayana tofauti kubwa. Msichana akikua, homoni za kike hulikuza titi lake. La mvulana hubaki dogo, lakini haliondoki. Palipo na nyama hiyo, saratani yaweza kuota.

Ni kweli kwamba ugonjwa huu ni haba kwa wanaume. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti duniani, mwanamume ni kama mmoja tu. Hata hivyo uhaba huo wenyewe una hatari yake, kwa maana mwanamume aonaye kivimbe kifuani hafikirii saratani. Mchukuzi wa ghalani husema ameumizwa na gunia. Mkulima husema ni jipu litakaloiva lenyewe. Mwingine huona haya kumweleza tabibu habari za titi lake, au huahirisha hadi msimu uishe na malipo ya pili yatoke. Wakati huo wote ugonjwa haungoji. Kwa kuwa titi la mwanamume ni dogo, uvimbe hauna safari ndefu kuifikia ngozi, misuli ya kifua na tezi za kwapani.

Dalili za kuangalia ni hizi:

(a) kivimbe kigumu, mara nyingi kisicho na maumivu, nyuma ya chuchu au kando yake;
(b) chuchu kuzama ndani;
(c) damu au majimaji kutoka katika chuchu;
(d) ngozi ya titi kujikunja, kubadilika rangi au kufanya kidonda kisichopona;
(e) uvimbe kwapani.

Si kila uvimbe ni saratani. Vijana wanaobalehe, wazee, na watumiaji wa dawa fulani huweza kuvimba matiti, mara nyingi pande zote mbili, na uvimbe huo huuma ukiguswa. Lakini asiwepo wa kuamua kwa kukisia. Jibu la hakika hupatikana hospitali, daktari akichukua kinyama kidogo cha uvimbe na kukipima kwa darubini.

Hatari huongezeka kwa umri, na wagonjwa wengi wamepita miaka 60. Huongezeka pia kwa unene wa kupita kiasi, na kwa maradhi ya ini kama yale yaletwayo na ulevi, kwa sababu ini bovu hushindwa kupunguza homoni za kike zilizomo mwilini. Sababu nyingine ni urithi. Ipo kasoro ya kurithi katika jeni iitwayo BRCA2, na mzazi aliye nayo, awe baba au mama, aweza kumpa mtoto wake wa kiume au wa kike. Kwa hiyo mwanamume anayeugua asiwafiche dada zake na binti zake, maana habari hiyo yaweza kuwaokoa wao.

Mfano mmoja unajulikana duniani. Edward Brooke, aliyekuwa Seneta wa Marekani kuanzia mwaka 1967 hadi 1979, aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 82. Alifanyiwa upasuaji, kisha akautangaza ugonjwa wake hadharani ili wanaume wengine wajichunguze. Alifariki mwaka 2015, akiwa na miaka 95.

Tiba ipo. Kwa kawaida titi huondolewa kwa upasuaji, na mgonjwa aweza kuongezewa mionzi, dawa za saratani, au vidonge vya tamoksifeni vinavyozuia kazi ya homoni za kike katika uvimbe. Katika Tanzania, tiba ya mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Safari huanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa hupewa barua ya rufaa.

Chama cha msingi hakitibu mtu, lakini kina mkutano mkuu na kituo cha kununulia mazao, mahali ambapo wanaume wengi hukutana. Halmashauri yaweza kumwalika tabibu azungumze na wanachama kwa nusu saa kabla ya kufungua ajenda. Na mwanachama atakayesema ana uvimbe kifuani asichekwe, bali asindikizwe hospitali mapema. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua.