Sauti Moja kwa Wakati Mmoja

Kimbunga Maria kilipoikumba Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilinyamaza. Hospitali zikategemea jenereta, na kuomba dizeli kukawa kazi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani likaita waendesha redio 50 wa kujitolea.

Vyombo pekee havitoshi: wawili wakisema pamoja katika masafa yale yale, hasikiki hata mmoja. Hivyo kituo kimoja husimamia, hugawa zamu, na ujumbe wa dharura hutangulia. Mpokeaji huurudia neno kwa neno. Tarakimu moja ikikosewa katika kipimo cha dawa, mgonjwa ndiye alipaye. Jina lake, hata hivyo, halitajwi hewani, kwani masafa hayo husikilizwa na yeyote mwenye redio.