Uyoga wa Mpakani

Madereva wetu watokao bandari ya Mombasa hungoja zamu zao Malaba na Busia, na msimu wa mvua huwakuta kina mama wa huko wakiuza uyoga uotao penye vichuguu vya mchwa. Waluhya huuita obwoba. Ni kitoweo kitamu, cha halali, na hatuna neno nacho.

Tunaounena ni ule uliwao makusudi ili mtu alewe. Ulevi wake watokana na silosibini, iliyowekwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 katika kundi linalodhibitiwa vikali kabisa. Haupiti muda, mlaji huona yasiyokuwapo, moyo humwenda mbio, na hofu yaweza kumtupa barabarani mbele ya malori. Aliye na maradhi ya akili katika ukoo wake yumo hatarini zaidi. (Kileo ni kileo, kitoke chupani au ardhini, hukumu yake twaijua.)

Baya zaidi, atafutaye ulevi porini aweza kuokota uyoga uuao, kwani hufanana. Sumu ya amatoksini haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaushwa. Mlaji hukaa saa 6 hadi 24 bila dalili, ndipo atapike na kuharisha. Kisha hupata nafuu, mama akashukuru, kumbe ini laharibika. Nafuu hiyo msiiamini. Mwahisheni hospitali pamoja na masalio ya uyoga wenyewe, wala msimfiche kwa kuona haya.

Mzazi atakaye ushauri juu ya mtoto atumiaye vileo apige 1192, simu ya NACADA isiyo na malipo.