Unabadili mpira wa rejeta nyumbani? Anza kwa kuwalinda watoto

Mwanza. Asubuhi ya wikiendi mtaani Buzuruga, si ajabu kumkuta baba ameinua kiti cha mbele cha Toyota HiAce yake ya zamani na kuinamia injini. Mtoto mkubwa ameshika tochi, mdogo anazungukazunguka na chupa ya soda, na mama anauliza kama gari litakuwa tayari kabla ya Jumatatu.

Gari la namna hii hufanya kila kazi ya familia. Hupeleka watoto shuleni, hubeba mzigo wa sokoni, hupeleka ndugu msibani Magu. Likianza kuchemsha kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, moja ya sababu za kawaida ni mpira wa rejeta uliochoka. Kuubadili ni kazi anayoiweza mzazi mwenye bisibisi, koleo na subira.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo hufanyika uani, katikati ya watoto. Na ina hatari mbili ambazo wazazi wengi huzisahau: maji yenye moto kuliko ya jikoni, na sumu yenye ladha tamu.

Dalili za mpira uliochoka

Mipira ya rejeta hupitisha maji au kulanti kati ya injini na rejeta. Miaka ya joto, mtikisiko na mafuta yanayovuja huulegeza. Ubonyeze injini ikiwa imepoa. Mpira mzima hukaza kiasi na kurudi. Uliochoka huwa laini kama ndizi iliyoiva, au mgumu wenye nyufa, au umevimba karibu na klipu. Utando mkavu mweupe, wa kijani au wa pinki kwenye maungio ni alama kwamba unavuja taratibu.

Ukiona mmoja umechoka, kagua yote, ikiwamo midogo ya hita. Mara nyingi ina umri mmoja.

Usifungue injini ikiwa ya moto

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hivyo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Ndani ya rejeta iliyofungwa mambo ni tofauti. Mfuniko hushikilia shinikizo, na maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukiufungua, shinikizo hushuka ghafla, sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo, na yaliyobaki huruka kwa nguvu.

Maji ya nyuzi 60 tu huweza kumuunguza mtu mzima vibaya ndani ya sekunde tano hivi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi, na mtoto aliyeshika tochi huwa uso wake uko karibu kabisa na injini.

Kwa hiyo kazi hii ni ya asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Kama limechemka njiani, lizime, washushe watoto upande usiopita magari, kisha subiri hadi injini ipoe kabisa. Usiimwagie maji baridi injini ya moto, maana chuma kinaweza kupasuka.

Hatua kwa hatua

Egesha gari mahali tambarare na pa wazi, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye matairi. Ondoa waya wa hasi wa betri, kwa sababu katika baadhi ya magari feni ya umeme hujiwasha hata ufunguo ukiwa umetolewa. Mtoto anayetaka kujifunza apewe kazi ya kusoma hatua hizi kwa sauti, akiwa mbali na injini.

Fungua mfuniko kwa kitambaa, taratibu. Weka beseni chini ya rejeta na utoe maji yote. Legeza klipu, kisha zungusha mpira hadi uachie. Ukigoma, uchane kwa kisu kwa urefu wake. Usiuvute kwa nguvu wala kuuchokonoa kwa bisibisi, maana shingo ya rejeta ya plastiki huvunjika kirahisi.

Nenda na mpira wa zamani kwenye duka la spea ulinganishe upana, urefu na mikunjo. Nunua na klipu mpya. Safisha shingo za chuma au plastiki, vika klipu kwenye mpira mpya kabla ya kuuchomeka, na ulainishe kwa maji tu. Grisi na oili huharibu mpira. Klipu ikae nyuma ya ukingo ulioinuka wa shingo, ikazwe bila kukata mpira.

Jaza kulanti inayokubaliwa na gari lako, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu. Maji matupu ya kisima au ya ziwani huleta kutu na magamba ndani ya rejeta. Rudisha waya wa betri, fungua hita hadi mwisho wa joto, kisha washa injini ikiwa bado baridi, mfuniko ukiwa wazi, bila kukanyaga mafuta. Simama pembeni na uweke nguo zinazoning'inia, ikiwamo kanga, mbali na feni na mikanda. Ongeza kulanti hadi mapovu yaishe, kisha funga. Likipoa, kagua kiwango tena. Rudia kesho yake.

Sumu iliyo kwenye chupa ya soda

Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli. Ina ladha tamu na rangi ya kuvutia, ya kijani au nyekundu, kama juisi. Mtoto akiinywa, mwanzoni huweza kupepesuka kama mlevi na kutapika. Baadaye figo zinaweza kushindwa kufanya kazi, na kiasi kidogo kinaweza kuua.

Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na kemikali hiyo na ndugu yake, daiethilini glaikoli. Watoto takriban 70 walipoteza maisha, wengi kwa figo kushindwa kufanya kazi.

Usimimine kulanti iliyobaki kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano. Ibaki kwenye dumu lake, imefungwa, juu ya kabati. Iliyotoka kwenye gari usiimwage uani wala mtaroni. Mbwa na kuku hunywa, na mitaro ya jiji huishia Ziwa Victoria. Ihifadhi kwenye dumu lenye alama ya sumu na uulize gereji inayokusanya mabaki.

Mtoto akinywa, usimtapishe wala kumpa maziwa ukidhani yatakata sumu. Mkimbize hospitali na lile dumu mkononi, hata kama anaonekana mzima. Matibabu yapo, lakini hufaa zaidi yakianza mapema.

Akiungua

Mwondoe kwenye joto, mvue nguo isiyonata kwenye ngozi, kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, unga na mafuta ya kupikia visitumike, maana hufungia joto na kuleta maambukizi. Kidonda kikizidi kiganja cha mtoto, au kikiwa usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye maungio, nenda kituo cha afya mara moja.

Muda wa kumwita fundi

Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, mapovu yakiendelea bila kukoma, au gari likichemsha hata baada ya mipira mipya, tatizo limepita uwezo wa uani. Mwachie fundi, na usiwapakie watoto hadi akuthibitishie kuwa limepona.

Kabla ya kushika bisibisi wikiendi hii, hesabu mambo matatu: injini imepoa, watoto wako mbali, na hakuna chupa ya soda karibu. Mpira wa rejeta unaweza kusubiri hadi yote matatu yatimie.